Kitu Bila Maneno Yake



Mu mkutano uliopita swali moja lilitugawanya. Wamoja walisema: tupige foto vitu vyote vya wazee vilivyobaki mu jamaa zetu, tuviweke ku intaneti, dunia nzima ivione, navyo havitapotea tena. Wengine walikataa kabisa: vitu vya wazee si vya kutandikwa mbele ya kila mpita njia kama ndagala sokoni. Maneno yalipanda, na mama mmoja akaondoka kabla ya kufunga kwa sala. Komite ikatuomba sisi tunaoshika daftari la kumbukumbu tuangalie kwanza jambo hili lilikwendaka namna gani zamani, kusudi tusiamue kwa hasira. Haya njo tuliyoyapata.

Vitu vya bwami

Tuanze na Warega, juu vitu vyao vimesafiri mbali sana. Mtu akiingia leo mu nyumba ya makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, ao mu zile za New York na Los Angeles, atakuta sura ndogondogo za mti na za pembe ya ndovu, zimesimamishwa ndani ya vioo, na taa juu yake. Chini kuko kikaratasi: Lega, Kongo, pembe, urefu wa sentimeta fulani. Basi.

Ndugu zetu Warega wa upande wa Pangi wanajua kama kikaratasi hicho hakisemi kitu. Warega hawakuwa na mfalme mmoja. Kilichowashika pamoja ni bwami, chama cha madaraja, ambamo mwanaume alipanda kidogokidogo: kongabulumbu, kansilembo, ngandu, yananio, mpaka kindi, njo ya juu kabisa. Wanawake nao walikuwa na madaraja yao: bombwa, bulonda, bunyamwa, na mke alipanda pamoja na mume wake. Kupanda kulitaka mali, kulitaka jamaa za kukusimamia, na kulitaka tabia. Mwizi, mgomvi, mwenye mdomo mrefu, hata akiwa tajiri, alikuwa na shida ya kusonga mbele.

Mafundisho yalitolewa kwa vitu. Mwalimu aliinua kitu, akacheza, akaimba, na methali ikasemwa. Kitu chenyewe kingeweza kuwa sanamu, lakini pia gamba la kakakuona, mdomo wa hondohondo, gamba la kobe, ao jani tu la porini. Sanamu ya pembe inaitwa iginga. Kinyago kidogo cha mti, cha mtu wa yananio, kinaitwa lukwakongo. Kile cha pembe, cha kindi, kinaitwa lukungu. Na vinyago hivi havikuwa vya kuvaa usoni tu. Vilifungwa ku mkono, vilipangwa ku uzio, vingine vilishikwa kwa ndevu na kuvutwa chini mu ngoma. Iko pia sanamu yenye vichwa vingi, sakimatwematwe. Mgeni akiiona anafikiri ni jinamizi. Mwenye kufundishwa anamwona mtu anayetazama pande zote mbele ya kuamua, yaani mwamuzi wa haki. Kilega kiko na neno moja, busoga, ambalo linabeba wema na uzuri pamoja.

Wakati bulamatari alipofika, alianza kuandika na kukusanya. Komanda Delhaise, ofisa Mbelgiji, alitosha kitabu chake juu ya Warega mwaka 1909. Vitu vilianza kwenda Ulaya mu masanduku ya maofisa, ya wafanyabiashara, ya wamisionari. Halafu serikali ya ukoloni iliona kama bwami ni watu wanaosikilizana bila kuomba ruhusa, na ilikuwa na woga nayo. Mwaka 1948 ikaipiga marufuku. Vikapu vingine vilifichwa porini, vingine vilitwaliwa, vingine viliuzwa na watu waliokuwa na woga ama njaa. Vitu viliondoka, lakini maneno hayakuondoka pamoja navyo. Maneno yalibaki mu vichwa vya wazee, na wazee wanakufa.

Hapa lazima tuseme kweli juu ya mtu mmoja. Daniel Biebuyck, Mbelgiji, alifika kwa Warega miaka ya 1950, wakati marufuku iko bado mbichi. Alikaa nao, akaingizwa mu sherehe, akaandika ni kitu gani kiliinuliwa, na nani, na methali gani ilisemwa wakati ule. Aliandika methali mamia kwa mamia. Kitabu chake kikubwa juu ya utamaduni wa Warega kilitoka Amerika mwaka 1973. Mafundisho yake yenye nguvu ni haya: ukitazama umbo peke yake huwezi kujua maana. Sanamu mbili zinazofanana zinaweza kusema maneno mawili tofauti, na neno moja linaweza kusemwa kwa sanamu leo na kwa jani kesho. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 2019. Tuko na deni kwake. Lakini methali hizo ziko ndani ya kitabu cha Kiingereza, mu maktaba za vyuo vikuu vya mbali, na wajukuu wa wale waliozisema wengi hawazijui tena.

Tulimwonyesha mzee mmoja wa huko Pangi foto ya lukungu mu telefoni, foto iliyotolewa na nyumba moja ya makumbusho. Alinyamaza sana. Tulifikiri atauliza bei, ao nani aliibeba. Akauliza:

– Mafuta yake iko wapi?

Hatukuelewa. Akatufasiria kama pembe ilikuwa inapakwa mafuta ya mbarika, inasuguliwa, inapakwa tena, mwaka kwa mwaka, mpaka inakuwa nyekundu na yenye kung'aa. Halafu akasema:

– Banamuacha kavu hivi? Na jina yake, habakuiuliza?

Maswali yale mawili tuliyaandika ku ukurasa wa kwanza wa daftari letu.

Gazeti lililoandikwa juu yake huko Nyangwe

Wengine watasema: hayo ni ya Warega, na sisi Wakusu, Wazimba, Wabangubangu, Wasongola, Wagenya? Basi tupande mto mpaka Nyangwe, mu teritware ya Kasongo.

Daktari Livingstone, Mwingereza wa Scotland, alifika Nyangwe mwezi wa tatu 1871, kisha kukaa miezi mingi mgonjwa kule Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre. Karatasi zilikuwa zimemwishia, na wino pia. Alichukua gazeti la zamani la Londoni, akaligeuza, akaandika juu ya maneno yaliyokwisha chapwa, kwa wino uliotoka mu mimea ya hapa kwetu. Njo hivi kitabu cha siku zake za Nyangwe kilivyoandikwa: gazeti la kwao, wino wa kwetu.

Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu zaidi ya elfu walikuwa wamekusanyika, wengi wao wanawake, na samaki, mihogo, vyungu, mafuta ya mawese. Watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani, wenye bunduki, wakaanza kupiga. Wanawake wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, na mto ukawabeba. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Livingstone aliona na akaandika. Stanley alipomkuta Ujiji mwaka ule ule, alichukua barua zake, na habari ya Nyangwe ikafika Uingereza. Ilisaidia kuongeza nguvu ya kelele zilizofanya soko la watumwa la Unguja lifungwe mwaka 1873.

Lakini kile gazeti kiliharibika. Wino wa mimea ulififia mpaka hauonekani tena, na herufi za chapa chini yake zilikuwa nyeusi sana. Kwa zaidi ya miaka mia moja dunia ilisoma tu kitabu kilichopangwa na Horace Waller mwaka 1874, kisha kifo cha Livingstone. Ni mpaka kikundi cha wataalamu, kikiongozwa na Adrian Wisnicki, kilipopiga foto kurasa hizo kwa mianga ya rangi mbalimbali, ile jicho inaona na ile jicho haioni, halafu ordinatere ikatenganisha wino wa kwetu na wino wa chapa. Mwaka 2011 kurasa zikawekwa ku intaneti, kila mtu asome bila kulipa. Na ikaonekana kama maneno ya siku ile ile hayalingani mu kila jambo na yale ya kitabu cha 1874. Mtu alipoandika mara ya pili, mambo mengine yalipunguzwa na mengine yaligeuzwa.

Tumeleta habari hii kwa sababu inaonyesha faida ya kazi hii. Foto iliyopigwa kwa akili inaweza kurudisha kitu kilichokwisha kufa. Mwanafunzi wa Kindu akipata mega za kutosha, anaweza kusoma leo maandishi ambayo kwa muda mrefu hayakusomeka.

Inaonyesha pia kitu foto haiwezi. Mu kurasa zile zote tunakuta majina ya wakubwa waliokuja na bunduki. Majina ya wale mama wa soko hayako. Mianga yote ya dunia haitayatosha mule, juu hayakuandikwa tangu mwanzo. Kama kuna jamaa huko Nyangwe ao kwa Wagenya wa mto ambayo bado inasema "bibi wa bibi yetu alikufaga ile siku ya soko", neno hilo haliko Scotland. Liko hapa, na likinyamaza hapa, limekwisha.

Orodha ya vitu 84.000

Mwaka 1973 rais Mobutu alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kudai kama nchi zilizonyang'anywa vitu vya wazee wao zirudishiwe. Kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilirudisha vitu 114 kwa taasisi ya makumbusho ya Kinshasa. Halafu ikaja miaka mibaya tunayoijua sote, na vitu vingi vya taasisi ile, hata kati ya vile vilivyorudi, viliibwa na kuonekana tena mu masoko ya Ulaya.

Tarehe 17 Februari 2022, waziri wa kwanza wa Ubelgiji, Alexander De Croo, alimkabidhi wa kwetu, Sama Lukonde, orodha ya vitu karibu 84.000 vya Kongo vilivyo Tervuren. Mwezi wa sita mwaka ule mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku, Kakuungu, kwa mkopo usiokuwa na mwisho, na mwaka ule ule bunge lao likapiga kura ya sheria ya kurudisha. Kinshasa sasa iko na nyumba mpya ya makumbusho ya taifa, iliyofunguliwa mwaka 2019.

Tunafurahi. Lakini tufikiri sisi tulio hapa, ambapo mtu anafika Kinshasa kwa ndege ao hafiki. Orodha imefika mbele ya vitu. Na orodha imeandikwa na yule aliyebeba, kwa maneno ya yule aliyebeba: kabila, urefu, mwaka wa kupokea, jina la Mzungu aliyetoa. Siku moja watu watakuja kutuuliza: hii ni ya nani, ilitumiwa namna gani, ikirudi irudi kwa nani? Tukikosa jibu, wengine watajibu mu fasi yetu. Kujibu kwa kitu 84.000 hatuwezi. Kwa kumi, kwa ishirini, tunaweza, kama wazee wetu wataulizwa mwaka huu.

Sisi wenyewe

Chama hiki ni cha watu waliorudi. Tulikimbia vita, wengine mapema 1997, wengine kisha Oktoba 1998 mji ulipoingia mu mikono ya RCD, wengine mu miaka ya njaa iliyofuata mpaka 2003. Tulikwenda porini, Kisangani, Kinshasa, wengine mpaka kambi za Tanzania. Tulirudi na watoto wasiojua kaburi la babu yao liko ku fasi gani. Kwa hiyo tunajua bila kusoma kitabu ni nini maana ya kupoteza karatasi.

Mwanachama wetu mmoja aliporudi alikuta watu wengine mu parsele ya baba yake, na yeye hana hata cheti kimoja. Dada yake kule Kisangani alikuwa na foto moja ya harusi, ya miaka ya 1980, imepigwa mbele ya ile nyumba. Foto peke yake haikusaidia: nyumba za Kindu zinafanana, na muembe uko kila fasi. Kilichosaidia ni mgongo wa foto. Mama yao alikuwa ameandika kwa biki majina ya watu wote waliosimama, na jina la avenue. Wawili kati ya wale watu walikuwa bado hai. Wakaitwa, wakasema. Kesi ikaisha kwa amani, na chai ikanywewa.

Kile mama yao alifanya ku mgongo wa foto ile, njo kazi yote tunayoomba.

Tumekwisha kuanza, na tumekwisha kukosea. Mwaka jana foto zetu za kwanza zote zilikuwa mu telefoni moja. Telefoni ikaanguka mu Lualaba wakati mwenzetu anavuka kwenda Alunguli kwa mtumbwi. Hatukuwa na nakala. Mama mmoja aliyetuonyesha kikapu chake alikuwa amekufa mbele hatujarudi. Hatumlaumu mwenzetu; tunajilaumu sote.

Jambo la pili: mtu mmoja mgeni alifika kwetu akisema anasaidia kuhifadhi utamaduni. Alitaka foto za pande zote, urefu, uzito, na jina la kijiji. Hakuuliza hata methali moja. Tulipomuuliza atazipeleka wapi, akaanza kuongea bei. Tangu siku ile tunajua kama foto pamoja na jina la nyumba ni njia ya mwizi pia.

Kwa sababu hiyo tunasema wale waliokataa mu mkutano hawakukosea. Vitu vingine vya bwami vilikuwa vya kuonekana na watu wa daraja lake tu. Mzee mmoja alituambia: "Hii haiko ya foto. Lakini andika kama iko, na miye nitakuambia nani ataishika kisha yangu." Tuliandika hivyo tu, bila picha, naye akaridhika. Na wale waliosema tuhifadhi upesi, nao hawakukosea, juu kusubiri kunaua.

Hivi njo tunaleta mbele yenu:

Moja, maneno mbele ya foto. Tunaanza kwa kurekodi sauti ya mwenye kitu, mu luga yake, Kilega, Kikusu, Kibangubangu, yoyote ile. Jina la kitu, kilitoka kwa nani, kinasema nini, nani anakirithi. Halafu tunaandika kwa Kiswahili. Foto inakuja mwisho, kama mwenyewe anakubali.

Mbili, kabati tatu. Ya kwanza wazi kwa kila mtu. Ya pili kwa wanachama na jamaa. Ya tatu imefungwa, na ufunguo uko kwa mwenye kitu ao mrithi wake. Mwenye kitu njo anayechagua kabati, komite haichagui. Hata mu kabati ya wazi, hatutaandika avenue wala kijiji ambamo kitu kinalala.

Tatu, nakala tatu. Moja mu ordinatere ya chama, moja ku kle mu sanduku la bati ambamo maji na mchwa haviingii, moja kwa ndugu yetu wa mji mwingine. Kila mara tukipata moto wa jua wa kutosha, tunafungua zote tuone kama zinasoma.

Nne, wanawake waulizwe na waandikwe kwa majina yao. Bwami ilikuwa na bunyamwa. Soko la Nyangwe lilikuwa la wanawake. Hatutarudia kosa la wale walioandika mbele yetu.

Tano, hakuna bei. Anayetaja bei anatoka mu kikao.

Kazi hii haitaki franga mingi. Inataka watoto wenye telefoni na wazee wenye subira, na likelemba ya mwezi mmoja inatosha kununua kle na betri. Kura tutaipiga mu mkutano ujao. Mbele ya siku hiyo, tunaomba kila mwanachama afanye kitu kimoja tu: atoe foto moja iliyoko nyumbani, amwite mtu mkubwa kupita wote mu jamaa, na aandike ku mgongo majina ya wale wanaoonekana. Kwa biki, na herufi za kusomeka. Asiyekuwa na foto, kama wengi wetu, aje na jina moja la mtu ambaye hajaandikwaka fasi yoyote. Tutaliandika mu daftari.

Na yule mama aliyeondoka mbele ya sala, tunamwomba arudi. Kikapu chake hakitapigwa foto bila neno lake.

Sisi, wenye kushika daftari la kumbukumbu, Kindu.